Maswali ya Wasomaji: Uso, Jina na Ukingo wa Kadi za Kale za Besiboli

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi jinsi wakusanyaji wa kadi za kale za besiboli nchini Marekani wanavyobishana kuhusu muundo wa kadi hizo, nikahitimisha kwamba kadi iliyosanifiwa vyema ni ile inayompa mchezaji uso wake na jina lake kabla ya kumpa pambo lolote. Kauli hiyo imewagusa wasomaji kuliko nilivyotarajia. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua zile zinazouliza jambo ambalo wengine pia wameuliza, na nimefupisha baadhi yake bila kugeuza maana.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu wa michoro katika chuo kimoja hapa mjini. Ulitupa kanuni yako lakini hukutuambia ni seti ipi ambayo wakusanyaji wenyewe wanaiona kuwa nzuri kuliko nyingine zote. Je, wanaafikiana? Na wewe unaegemea wapi?
Mwanafunzi, Umoja

Hawaafikiani, na ukiwafuatilia kwa muda utagundua kwamba hata mkusanyaji mmoja hubadili jibu lake kadiri umri unavyosonga. Hata hivyo zipo seti ambazo hazikosi kutajwa.

Ya kwanza ni ile inayojulikana kama T206, iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara za kampuni ya American Tobacco. Kadi zake ni ndogo mno: upana haufiki sentimita 4 na urefu haufiki sentimita 7. Zilichapwa kwa lithografia, rangi moja ikiwekwa juu ya nyingine, na chini ya picha kuna mstari mmoja tu wa herufi za kahawia wenye jina la mchezaji na mji wa timu yake. Hakuna kingine mbele ya kadi. Mchezaji Ty Cobb ana picha nne tofauti katika seti hiyo, na wakusanyaji wengi huiweka mbele ile ya uso wake kwenye usuli mwekundu, kwa sababu wekundu ule umetandazwa bila kitu chochote cha kuuvuruga, na uso unajitokeza kama mtu aliyesimama mlangoni.

Ya pili ni seti ya kampuni ya chingamu ya Goudey ya mwaka 1933, yenye kadi 240, ambayo ilirithi fikra hiyo hiyo ya usuli wa rangi moja iliyokolea: njano, nyekundu, buluu, kijani. Babe Ruth peke yake ana kadi nne humo. Mimi nazipenda, ingawa ule utepe mwekundu wa tangazo la chingamu ulio chini ya kadi nyingi hunikera kidogo, kwa kuwa unagombea jicho na jina la mchezaji.

Kisha inakuja seti ambayo huzusha ubishi mkali zaidi, nayo ni ile ya rangi ya kampuni ya Bowman ya mwaka 1953. Katika kadi hizo kampuni ilitumia picha halisi za rangi, ikaziacha zijaze kadi ndani ya mstari mwembamba mweusi na ukingo mweupe, na haikuandika neno lolote mbele: hakuna jina, hakuna timu, hakuna nembo. Kadi ya Pee Wee Reese akiwa hewani juu ya mkimbiaji inatajwa na wengi kuwa ndiyo kadi nzuri kuliko zote zilizowahi kuchapwa. Naielewa hoja yao. Picha ile inapumua kwa namna ambayo kadi nyingine hazipumui. Lakini kadi si picha ya kutundika ukutani. Ni kitu alichonunua mtoto ili amjue mchezaji, na mtoto ambaye hajawahi kuuona uso huo alilazimika kuigeuza kadi ili ajue anamtazama nani. Kwa sababu hiyo moja siwezi kuipa nafasi ya kwanza.

Nafasi hiyo naipa seti ya kampuni ya Topps ya mwaka 1956. Kadi zake 340 zimelala kwa upana. Upande mmoja uko uso mkubwa wa mchezaji, na nyuma yake yumo mchezaji huyo huyo uwanjani, akikimbia, akirusha au akidaka. Jina na timu vimo katika kisanduku cha rangi, na sahihi yake imenakiliwa juu ya picha. Unapata mtu na kazi yake kwa mtazamo mmoja. Wapinzani wa seti hii husema kwamba nyuso nyingi zilikwisha kutumiwa katika kadi za miaka miwili iliyotangulia, na ni kweli. Uso wa Hank Aaron ni ule ule wa mwaka 1954 na 1955. Tena katika kadi yake ya 1956 yule anayeserereka kuelekea kituo cha nyumbani si Aaron bali ni Willie Mays. Kosa hilo ni zito kwa kadi inayojidai kumwonyesha mtu kazini, na sitalitetea. Bado naamini mpangilio wake haujapitwa.

Nimekusanya stempu tangu nikiwa shule ya msingi, na sasa nina wajukuu. Stempu ni hati ya serikali, imechongwa na mafundi. Hizi kadi zako ni matangazo ya sigara na peremende. Kwa nini gazeti la Nairobi linazipa kurasa?
Mkusanyaji wa stempu, Ngara

Mzee wangu, heshima yako. Hoja yako ya kwanza ni sahihi kabisa na sitaipinga: kadi hizi zilizaliwa kuuza sigara, kisha zikauza chingamu. Lakini hilo halikuziharibu. Ndilo lililozipa sura. Mchapaji wa tumbaku alipewa kipande cha kadibodi kinachoingia ndani ya pakiti, akaambiwa amfanye mvutaji arudi dukani kesho kutafuta uso mwingine. Katika ufinyu huo alilazimika kuchagua kitu kimoja cha kuonyesha, akachagua uso wa mtu.

Sasa tazama albamu yako mwenyewe. Bila shaka unazo zile stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1935, zenye simba, jahazi la Ziwa Victoria na mlima wetu. Ni kazi nzuri mno ya uchongaji, na hata mimi huzitazama kwa muda mrefu. Hata hivyo uso pekee unaotambulika katika seti yote ni wa Mfalme George wa Tano. Stempu huonyesha kile ambacho dola inataka kionekane. Kadi ya sigara ya mwaka 1909 ilimwonyesha mtoto wa mchimba makaa ya mawe kama Honus Wagner, kwa jina lake, kwa sababu watu wa kawaida walitaka kumwona. Sisemi kwamba moja ni bora kuliko nyingine, bali kwamba zote mbili zinastahili jicho la mkusanyaji.

Wala si mimi wa kwanza kufikiri hivyo. Mmarekani Jefferson Burdick, aliyefariki mwaka 1963, alitumia maisha yake kukusanya na kuorodhesha kadi za kila namna, na ndiye aliyetunga alama tunazozitumia hadi leo: herufi T ni ya kadi za tumbaku za karne ya 20, N ni ya zile za karne ya 19. Mkusanyiko wake wa vipande zaidi ya 300,000 aliukabidhi kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, ambako umehifadhiwa chini ya paa moja na kazi za wachoraji wakubwa wa Ulaya.

Marehemu mjomba wangu alikwenda kusoma Marekani mwaka 1960, katika ile safari ya wanafunzi iliyoandaliwa na Tom Mboya. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake tulikuta mkebe wa biskuti wenye kadi kama arobaini za besiboli. Baadhi zimelala kwa upana na zina picha kubwa ya rangi na nyingine ndogo isiyo na rangi. Nyingine zina picha ndani ya duara. Na chache zinaonekana kana kwamba zimebandikwa kwenye ubao. Je, ni za miaka gani, na wanaozijua wanasemaje kuhusu umbo lake? Tena, watoto wanataka tuzibandike kwa gundi kwenye kitabu.
Mpwa wake, Buruburu

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mjomba, na asante kwa kuvitunza vitu vyake. Kwanza kabisa, tafadhali izuie ile gundi.

Maelezo yako yanatosha kunipa jibu, kwa sababu kampuni ya Topps ilikuwa ikibadilisha muundo kila mwaka, na hilo ndilo linalowawezesha wakusanyaji kuutambua mwaka wa kadi wakiwa upande wa pili wa chumba. Zile za duara ni za mwaka 1959: picha imekaa ndani ya tundu la mviringo kwenye usuli wa rangi moja, na jina limeandikwa kwa herufi ndogo tupu, jambo ambalo lilikuwa la kisasa sana wakati huo. Zilizolala kwa upana ni za mwaka 1960, na ukitazama kwa makini utaona kwamba herufi za jina hubadilishana rangi, moja baada ya nyingine. Zile za ubao ni za mwaka 1962. Pembe ya chini ya picha, upande wa kulia, imechorwa kana kwamba inabanduka na kujikunja, na katika nafasi iliyofunuliwa ndipo lilipo jina.

Maoni ya wakusanyaji yanatofautiana. Seti ya 1959 inapendwa na wengi wanaothamini usahili, nami nimo miongoni mwao. Ya 1960 inalaumiwa kwa kujaza mambo mengi mahali padogo. Naona lawama hiyo ni ya haki, kwani ile picha ndogo isiyo na rangi inaonekana kama mgeni asiyejua akae wapi. Ya 1962 inawagawa watu. Wapo wanaosema kwamba ubao ule wa kahawia unazizima rangi za picha, na wapo wanaosema kwamba unaipa kadi joto la nyumbani, kama picha ya ukoo iliyobandikwa sebuleni. Nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa kwanza. Siku hizi niko upande wa pili, na barua yako imenisogeza zaidi huko. Topps yenyewe iliurudia ubao huo mwaka 1987.

Kuna jambo moja ambalo huenda hulijui na ambalo lilinifanya niisome barua yako mara mbili. Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi katika ligi kuu mwaka 1947, alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, waliotia sahihi barua ya kuomba michango mwaka 1959 ili wanafunzi wa Afrika Mashariki wapate nauli. Ndege ya kwanza iliwabeba wanafunzi 81 mwezi Septemba mwaka huo. Robinson hatakuwemo katika mkebe wa mjomba wako, kwa kuwa alikuwa amekwisha kustaafu na kadi yake ya mwisho ya Topps enzi zake za uchezaji ni nambari 30 ya mwaka 1956. Lakini mtu aliyesaidia kuufungua mlango ule alikuwa na uso uliokuwa ukipatikana ndani ya pakiti za chingamu za watoto.

Kuhusu gundi: nyuma ya kadi kuna maisha ya mchezaji, takwimu zake na mara nyingi vibonzo, na nyuma hiyo ni nusu ya muundo. Ukibandika umeizika. Nunua mifuko myembamba ya plastiki isiyo ya PVC, kwa sababu PVC hulainika na kuiharibu karatasi polepole, kisha uweke mkebe mbali na jua la dirishani.

Nimesoma kwamba kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Je, bei hiyo haithibitishi kwamba muundo wake ndio bora?
Mhasibu, South B

Hapana. Bei hiyo, iliyolipwa mnadani mwezi Agosti 2022, inathibitisha mambo mengine. Kadi ile, nambari 311, ndiyo inayofungua fungu la mwisho la seti ya Topps ya 1952. Fungu hilo lilifika madukani wakati msimu unakaribia kuisha na watoto wamekwisha kuhamishia macho kwenye michezo mingine, kwa hiyo maboksi mengi yakabaki ghalani. Mwaka 1960 Sy Berger, mtu yule yule aliyeisanifu seti, aliyapakia kwenye tishari na kuyatupa katika bahari ya Atlantiki. Hapo ndipo uhaba ulipotoka. Wala si kadi ya kwanza ya Mantle. Ya kwanza ni ya Bowman ya mwaka 1951. Tena katika karatasi ya uchapaji ya fungu lile, kadi ya Mantle iliwekwa mara mbili, kwa hiyo majirani zake wengi ni adimu kuliko yeye.

Ukiweka bei kando, seti ya 1952 ina sifa za kweli. Berger aliipanga mwaka 1951 kwenye meza ya jikoni kwake Brooklyn, akishirikiana na Woody Gelman. Waliikuza kadi hadi ikawa kubwa kuliko zile za Bowman za wakati huo, wakaweka nembo ya timu, sahihi iliyonakiliwa, na takwimu nyuma. Vitu ambavyo leo tunaviona kuwa ni desturi ya kadi ya mchezo, kwa sehemu kubwa, vilikaa pamoja kwa mara ya kwanza mezani pale. Naiheshimu seti hiyo kwa uvumbuzi. Kwa uzuri, naona rangi zilizopakwa juu ya picha zimezifanya nyuso kadhaa zifanane na sanamu za nta, na kadi ya Mantle, licha ya buluu yake ya kupendeza, haikuepuka hilo.

Wanafunzi wangu walipoona picha za kadi za mwaka 1972 walisema zinafanana na matatu. Wenzangu shuleni wanasema rangi nyingi kiasi hicho ni kukosa ladha. Nani yuko sahihi?
Mwalimu wa sanaa, Kasarani

Wanafunzi wako wana jicho, Mwalimu. Topps ya 1972, yenye kadi 787, imeweka picha ndani ya umbo lenye kichwa cha mviringo mfano wa tao, ikalizungushia rangi kali, na juu yake jina la timu limeandikwa kwa herufi nene zinazoonekana kana kwamba zinakujia. Anayeijua kazi ya wachoraji wa matatu za Eastlands ataitambua akili hiyo mara moja: gari linapita kwa kasi, mtazamaji ana sekunde mbili, jina lazima limfikie. Kosa la wanaoidharau seti hii ni kuipima kwa mizani ya T206, ambayo iliundwa kwa ajili ya mtu aliyeketi akivuta sigara. Nasimama na wanafunzi wako, kwa sharti moja: katika kadi hizo jina la timu limepewa nguvu kuliko jina la mtu, nami kwa kanuni yangu siwezi kulifurahia hilo.

Swali lako linanipa nafasi ya kusema neno kuhusu ukingo, kwa sababu ndipo wakusanyaji wanapogombana zaidi. Ukingo mweupe ndio uliozoeleka. Kila kampuni ilipothubutu kuuacha, ilipata sifa na balaa kwa pamoja. Seti ya tumbaku ya T205 ya mwaka 1911 ilitiwa ukingo wa dhahabu, na dhahabu hiyo humeguka pembeni kwa kuguswa tu. Miaka 60 baadaye Topps ilitia ukingo mweusi kwenye kadi zake za 1971, na yale yale yakatokea: wino mweusi ukimomonyoka hata kidogo, weupe wa kadibodi unachungulia, na kadi iliyochezewa na mtoto wiki moja inaonekana imeishi miaka kumi. Kwa hiyo kadi ya 1971 isiyo na jeraha ni ngumu kupatikana, na wapo wanaoipenda kwa ajili ya ugumu huo. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Weusi ule unazifanya rangi za jezi na majani ya uwanja ziwake, na nyuso za wachezaji weusi, ambazo katika kadi nyingi za miaka iliyotangulia zilichapwa kwa uzembe, hapa zinaonekana kwa kina chake.

Mwaka 1975 wakapaka ukingo kwa rangi mbili, nusu ya juu moja na nusu ya chini nyingine, wakati mwingine zambarau na waridi, wakati mwingine kijani na njano. Rangi hizo mara nyingi hazihusiani hata kidogo na rangi za timu. Wakosoaji wanaliona hilo kuwa ni kasoro kubwa. Naafikiana nao kwa hoja, lakini nikizitandaza kadi hizo mezani moyo wangu unakwenda kinyume.

Nilinunua kitabu kikuukuu Toi Market, na ndani yake nikakuta kadi ndogo ya Honus Wagner kama ile uliyoieleza. Nifanye nini?
Msomaji, Kibra

Ndugu yangu, ni bora nikuambie ukweli mapema: kadi hiyo imenakiliwa mara zisizohesabika, na karibu kila inayookotwa ni nakala. Ya kweli iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Wapo wanaosema kwamba uchapaji wake ulisitishwa kwa sababu Wagner hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, na wapo wanaosema kwamba hakuridhika na malipo.

Unaweza kuipima mwenyewe bila gharama kubwa. Itazame kwa kioo cha kukuzia pale lilipo jina. Katika kadi ya asili herufi zilichapwa kwa wino mmoja uliojaa. Ukiona herufi zimejengwa kwa vinukta vya rangi mbalimbali, hiyo ni nakala iliyopigwa picha kutoka kwa kadi nyingine. Kisha mwombe mwenye duka akuazime taa ile ya kukagulia noti bandia. Karatasi nyingi za siku hizi hutiwa dawa ya kung'arisha ambayo hung'aa buluu chini ya taa hiyo, na dawa hiyo haikuwapo mwaka 1909. Hata ikiwa ni nakala, usiitupe. Iweke mbele yako utazame jinsi uso ulivyokaa kwenye ule usuli wa rangi ya chungwa. Somo la muundo ni lile lile.

Sisi ni vijana tunaoendesha ligi ya mpira mtaani kwetu. Tunataka kuwatengenezea wachezaji wetu kadi na kuziuza siku ya fainali ili tununue mipira. Tuige muundo upi, na tujihadhari na nini?
Waandalizi wa ligi, Kayole

Swali hili limenifurahisha kuliko mengine yote, na nimelijibu mwisho ili nilipe nafasi yake.

Anzeni na kipimo. Tangu mwaka 1957 kadi za Topps zimekuwa na upana wa inchi 2 na nusu na urefu wa inchi 3 na nusu, yaani takriban milimita 64 kwa 89, na kipimo hicho kimebaki kwa sababu kinaenea kiganjani. Karatasi moja ya A4 inabeba kadi tisa za kipimo hicho, hivyo mnaweza kumpelekea mchapaji yeyote wa River Road bila kuhitaji karatasi ya pekee. Mwambieni atumie karatasi nzito.

Ukingo uamueni baada ya kuiona mashine yake ya kukatia. Wakusanyaji huwa wakali sana kuhusu picha kukaa katikati, na wana sababu: ukingo mwembamba wa milimita mbili ukikatwa ukasogea milimita moja tu, upande mmoja unakuwa mara tatu ya mwingine, na jicho linaumia. Kama mashine si ya kuaminika, wekeni ukingo mpana wa milimita tano au zaidi, au msiweke kabisa na muache picha ivuke mstari wa kukatia. Ukingo mwembamba ndio utakaowaaibisha.

Kwa picha, igeni Goudey. Msimpige mchezaji akiwa amelipa mgongo anga la saa sita mchana, kwa maana uso wake utageuka kivuli. Mpigeni asubuhi, au kwenye kivuli cha jengo, karibu, mbele ya ukuta uliopakwa rangi moja. Kisha, kabla ya kuchapa, kagueni kila picha isiwe imegeuzwa kushoto kulia. Mwaka 1957 Topps ilichapa picha ya Hank Aaron ikiwa imegeuzwa, mtu anayepiga kwa mkono wa kulia akaonekana anapiga kwa wa kushoto, na nambari 44 ya jezi yake ikasomeka kinyumenyume. Nambari ya jezi itawaonya, mkiitazama.

La mwisho ni majina. Roberto Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico, alionekana kwenye kadi yake ya kwanza ya mwaka 1955 kwa jina lake. Kuanzia 1957, kwa miaka mingi, kadi zake zikaandikwa Bob, jina ambalo hakulipenda, kwa sababu tu lilikuwa rahisi katika vinywa vya wengine. Alifariki tarehe 31 Desemba 1972 katika ajali ya ndege akipeleka msaada kwa waathiriwa wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua, na wakusanyaji wengi ninaowasoma hawawezi kuishika kadi yenye jina la Bob bila kuhisi kwamba kuna kitu alinyimwa. Sasa nyinyi mna wachezaji wenye majina ya kila pembe ya nchi, na mna majina ya utani ya uwanjani ambayo si kila mtu anayafurahia. Siku ya kupiga picha, mpeni kila mmoja kalamu na karatasi nyeupe, aandike jina lake kwa herufi kubwa jinsi anavyotaka lisomeke, kisha atie sahihi chini yake. Herufi hizo ndizo mtakazompa mchapaji, na sahihi ile mtainakili juu ya picha kama walivyofanya Brooklyn mwaka 1952.